Kata Isiyojua Siri ya Mtungi

3 Februari

Wifi yangu,

Habari za siku nyingi? Habari za kazi, na hiyo baridi inayong'ata masikio? Sisi huku hatujambo. Kaka yako mzima, tumbo linamtangulia mlangoni kama kawaida, na ukimwuliza lini atatengeneza bati la banda la kutia rangi jibu ni lile lile. Siku hizi hata wateja wanamwita Bwana Kesho. Watoto wanakupa shikamoo, na mdogo anauliza kama shangazi bado ana ile kofia yenye masikio.

Najua umeshtuka kuona barua ndefu kutoka kwangu. Tangu tumzike mama hatujaandikiana zaidi ya kutumiana picha za watoto. Sababu unaijua na mimi naijua, ila hakuna kati yetu aliyewahi kuitamka. Mama aliniachia mimi sufuria ya rangi, hakukuachia wewe. Siku zake za mwisho alinifundisha ile rangi yake ya zambarau, akaniapisha kwamba sitamwambia mtu kinachoingia humo. Nikamwuliza, hata wifi? Akasema, hata yeye. Nikaapa.

Sasa maji yamenifika shingoni. Katika vinavyoingia humo kuna kimoja ambacho ndicho kinachofanya rangi ishike kwenye uzi, na hicho hakipatikani tena. Sikitaji, unanielewa. Kule kilikokuwa kinatoka kumefungwa, na mimi nimebakiwa na kopo moja ambalo hata halijajaa. Nimejaribu shabu, nimejaribu chumvi za kila aina, nimejaribu mpaka kutu ya misumari. Shuka linatoka kwenye sufuria zuri kama la mama, ukilifua mara moja tu maji yote yanakuwa zambarau na shuka linabaki limeduwaa. Kopo hili likiisha, rangi ya mama imekufa. Bwana Kesho ameshapima banda kwa hatua kuona yataingia magari mangapi ya kuegeshwa. Kwa hilo hakusema kesho.

Mimi siko gizani kabisa, maana nimefundisha kemia kabla ya kushika mwiko wa rangi. Umbo la molekuli ya rangi ninalo. Ninachotaka kujua ni chumvi gani ya madini itakayoishikisha kwenye pamba, lakini kompyuta yangu ilinguruma wiki nzima ikazimika. Nasikia mashine yenu ya kwanta, hiyo kompyuta kubwa ya huko kazini kwako, ndiyo kazi yake hesabu za namna hiyo. Tabu ni kwamba nikikupa swali nimekupa siri, na nikikupa siri nimevunja kiapo. Nifanyeje, wifi?

Wifi yako wa sufuria


9 Februari

Wifi yangu wa sufuria,

Salamu zako zimefika. Mimi mzima, mafua tu yamenikalia. Mwambie mdogo kofia ipo. Mwambie na Bwana Kesho kwamba nimemsikia na hatua zake.

Sitakuficha, barua yako nilianza kwa kuinunia. Mtu anyamaze muda wote ule, halafu siku akiandika anakukumbusha kwamba mama yako mzazi alisema "hata yeye"! Nilikwenda kazini nimenuna na nikarudi nimenuna. Halafu hasira ikaisha, ikabaki ile rangi. Nilikumbuka pazia la chumba chetu, jua la asubuhi likipita hapo mpaka mikono yangu juu ya shuka inakuwa ya zambarau. Sitaki rangi ile ife, wifi, hata kama hakuniachia.

Sasa sikiliza. Unaweza kuitumia mashine yetu bila mimi kujua unapika nini. Na mashine yenyewe isijue.

Usicheke. Kompyuta yako, hiyo hiyo ya kusahihishia mitihani, inaandika swali, inalifunga kwa kufuli la hesabu, inatuma huku kilichofungwa. Ufunguo unabaki kwako. Mashine inafanya kazi juu ya kitu kilichofungwa kikiwa bado kimefungwa, na jibu linatoka nalo limefungwa. Mimi nikiliangalia naona takataka tupu. Wewe ukilifungua unaona jibu. Zamani mteja alilazimika naye awe na kifaa chake kidogo cha kwanta nyumbani, jambo ambalo lilikuwa kichekesho, maana angekuwa nacho asingetuhitaji sana. Siku hizi kompyuta ya kawaida inatosha, kazi yote ya kuficha inafanywa na hesabu. Kampuni inawapa walimu nafasi ya kuitumia, na wewe cheti cha ualimu unacho bado.

Watu husema siri ya mtungi aijuaye kata. Basi hii ni kata inayochota bila kujua mtungi una nini. Programu nimekuambatanishia.

Wifi yako wa mashine

(Hapa ofisini wamebandika tangazo mlangoni: "Wifi haipatikani leo, tunaomba radhi." Nimelicheka mpaka wenzangu wakaniuliza.)


20 Februari

Wifi wa mashine,

Hujambo? Mafua yameisha? Kunywa vitu vya moto na uache kutoka na nywele mbichi. Sisi wazima. Tangazo lenu nimewasomea dada wawili wanaonisaidia bandani, wamesema wifi asiyepatikana ndiye wifi mzuri.

Nimesoma maelezo ya programu, nikayarudia. Mwanzo nilijiuliza, mtu anakorogaje kitu kilicho ndani ya kopo lililofungwa? Mkubwa wangu akanijibu kutoka mezani, "Si unalitikisa tu, mama." Nikaona aibu nikaendelea kusoma.

Lakini nina maswali mawili, na kuuliza si ujinga. La kwanza, ikiwa siwezi kuiona mashine na yenyewe haijui inachofanya, nitajuaje kama imefanya? Inaweza kukaa bure ikaniletea majibu ya kubuni. Nimefundisha watoto, nayajua majibu ya kubuni. La pili ni lako wewe. Hutaona kitu chochote kabisa? Niambie ukweli, maana niliapa nimemshika mama mkono, na mkono ule bado nausikia.

Wifi yako wa sufuria


2 Machi

Wifi wa sufuria,

Hatujambo huku. Nywele nazikausha.

Nianze na swali la pili. Nitaona ukubwa wa kazi na muda itakaouchukua, basi. Ukiogopa kwamba ukubwa nao utasema kitu, iambie programu iongeze maji, yaani itume kazi kubwa kuliko inavyohitajika. Hapo hata ukubwa hautakuwa na maana kwangu.

La kwanza ni zuri zaidi. Unakumbuka mama alivyokuwa akipeleka vitambaa kupimwa? Katika rundo alikuwa anaingiza vipande ambavyo urefu wake keshaupima nyumbani. Mpimaji akikosea hivyo, mama anachukua rundo zima na kuondoka, wala hapigi kelele. Mpimaji hakuwahi kujua kipi ni kipi, kwa hiyo alilazimika kupima vyote kwa haki. Programu yako inafanya hivyo hivyo. Katikati ya maswali ya kweli inachomeka mitego, maswali ambayo kompyuta yako inaweza kuyakagua majibu yake. Mashine haiwezi kutofautisha. Ikidanganya au ikiharibika, mitego itanasa na wewe utaona maandishi mekundu. Yakiwa ya kijani, amini.

Umewahi kuniuliza mahali penyewe pakoje, sikukujibu. Watu hudhani tunafanya kazi ndani ya jokofu. Baridi yote imo ndani ya pipa refu jeupe linaloning'inia kwenye fremu ya chuma, sisi wenyewe tunatokwa jasho kwa sababu ya pampu. Pampu zinalia twi, twi, twi kutwa nzima. Mgeni huchukia sauti ile, mimi ikinyamaza ndipo roho hunidunda.

Tuma. Nitakuwa zamu.

Wifi yako wa mashine


14 Machi

Wifi,

Hujambo. Leo sina salamu ndefu.

Nilituma kama ulivyosema. Nilisubiri na wale dada wawili wakiwa nyuma ya kiti changu, tumeacha hata sufuria. Yametoka mekundu. MITEGO IMENASA. USIAMINI MATOKEO HAYA. Nikatuma tena, yakatoka mekundu tena. Nimesoma kwenye maelezo kwamba mashine ikiharibika hunasa mitego ya hapa na pale. Yangu imenasa kwa mpangilio, kana kwamba kuna mtu ameipitia kwa mkono.

Zamu ilikuwa yako. Ulichungulia, wifi. Nilikuwa nakuuliza kwa heshima na wewe ukanijibu kwa mfano wa mama, na mimi nikalainika. Ulitaka kujua, basi, ungeniambia tu unataka kujua, ningekujibu hapana tukaachana salama. Nimetumia nusu ya kopo kwa kazi ya wiki hii na sijui nitamweleza nini kaka yako huyu anayezunguka banda na kamba ya kupimia.

Wifi yako


15 Machi

Wifi,

Nashukuru sijambo.

Sikuchungulia. Hata ningetaka, hakuna cha kuchungulia, hilo nilishakueleza. Msalimie kaka na watoto.

Dada wa mume wako


6 Aprili

Wifi yangu,

Kimya chako nimekisikia, na hiyo sahihi yako ya mwisho niliisikia zaidi. "Dada wa mume wako"! Ungenitukana ingeniuma kidogo.

Natumaini u mzima. Watoto wazima. Kaka yako alinuniwa siku kadhaa bila kosa, ila kwa kuwa na sura yako.

Hasira zilipopoa nilifanya kile nilichokuwa nikiwaambia wanafunzi wangu, rudi kwenye swali. Nikachukua maelezo ya programu nikayasoma tangu mwanzo na kalamu mkononi. Nikagundua nilichanganya mambo mawili. Kufuli ni la kuzuia macho, mtego ni wa kunasa mkono. Mtu akichungulia tu, mtego hauna habari naye, na wala hana atakachokiona. Mtego wangu ulinasa, maana yake kuna aliyegusa. Na mimi nilikutuhumu kwa kuangalia. Mwanafunzi akinijibu hivyo ningempa sifuri na kumwambia amwite mzazi.

Jana nikamweleza Bwana Kesho, tena nikidhani hasikilizi. Akasema, "Dada yangu hana jicho la kuchungulia, ana mkono wa kusafisha." Ndipo akanisimulia kwamba ulipokuwa mdogo uliiparua sufuria ya mama kwa mchanga mpaka ikang'aa, kwa mapenzi yako yote, na mama akalia, kwa sababu sufuria ya rangi haiparuliwi ndani. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Nimekosa, wifi. Naomba unisamehe. Na sasa nakuuliza, wala si kwa ubaya: ulisafisha nini?

Wifi yako wa sufuria


8 Aprili

Wifi yangu wa sufuria,

Mwambie kaka ana mdomo mrefu kuliko kamba yake ya kupimia.

Nimekusamehe tangu ulipoandika sifuri. Na mimi unisamehe, maana mwalimu umepata. Nilisafisha.

Hapa kwetu kazi za kawaida tunazipitisha mkononi kabla hazijaenda kwa mteja. Mashine hizi zina kelele zake, kuna mistari ya majibu inayotoka imeharibika, nasi tunaitoa ili mteja apate majibu safi. Kazi iliyofungwa haiguswi hata kidogo. Kila mstari wake unaonekana umeharibika kwa sababu umefungwa, na uchafu wake wa kweli programu ya mteja inaupigia hesabu yenyewe. Haya nayajua. Nawafundisha wageni wanaoanza kazi. Lakini ilipokuja kazi yako, wifi, niliona aibu kukutumia majibu machafu. Mimi, nikutumie wewe uchafu, halafu mseme huko kwamba hata kazi yake anaifanya nusunusu? Nikatoa mistari niliyoona haina sura. Mitego yako ikanidaka mchana kweupe. Nilipoona barua yako nilijua papo hapo nilichofanya, na badala ya kusema nikajifanya nimekasirika. Ukweli nilikuwa nimekasirika pia.

Nimemwambia mkuu wangu wa zamu. Akasema mitego imefanya kazi yake, mimi nisitie mkono wangu tena. Tuma tena. Safari hii mfumo umeniondoa kwenye kazi yako kabisa, na nitakuwa nimeikalia mikono.

Kuna swali langu moja, na usipotaka usijibu. Mama alisema kwa nini? Umesema ulipoapa mkono wake ulikuwa mkononi mwako. Hakuongeza neno? Nimelibeba jambo hili tangu siku ile niliposhuka na begi na kukuta wewe ndiye unayekoroga. Kwamba nilisoma mpaka mwisho wa kusoma, nimeaminiwa mashine inayolindwa usiku na mchana, na mama yangu hakuniamini sufuria. Sikukuchukia wewe, nataka ujue. Nilishindwa tu kukutazama.

Wifi yako wa mashine


22 Mei

Wifi yangu mpenzi,

U hali gani? Sisi wazima, na usinilaumu kwa kuchelewa. Nilijiapiza nisikuandikie mpaka niwe na la kuandika.

Yalitoka kijani. Nilipiga ukelele mpaka Bwana Kesho akaja mbio na povu la kunyolea ndevu usoni. Nikafungua majibu kwa ufunguo wangu na kuona chumvi zimepangwa, ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa jinsi zinavyoishika ile molekuli. Ya kwanza niliijaribu, ikashika kweli, lakini kitambaa kikawa kigumu, ukikikunja kinabaki kimekunjwa. Dada mmoja akasema hili ni shuka la kujengea ukuta. Nikaenda kwenye ya pili. Ni kitu cha kawaida kabisa, kinauzwa, nimekipita dukani maisha yangu yote na sikuwahi kukiwazia kwa kazi hii.

Nikaloweka, nikachemsha, nikaanika. Nilifua, nikaanika juani, nikafua tena. Tulisimama watatu tumeinamia beseni. Maji yalibaki maji.

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji nikalia, wifi. Bwana Kesho alisimama mlangoni, akaangalia shuka, akaangalia beseni, akaondoka. Baadaye nikasikia nyundo juu ya banda. Anapigilia bati. Sijamwuliza kitu, nisije nikamkumbusha.

Sasa swali lako. Nimelifikiria wiki zote hizi, na nakujibu yote ninayoyajua. Aliongeza neno. Nilipomwuliza hata wifi, akasema, "Hata yeye. Akiijua, ataacha yote aje kukoroga. Namjua. Mwache aende anakokwenda." Hivyo tu. Nilidhani unajua. Nilidhani alikuambia mwenyewe kwenye simu, nyinyi mlikuwa mnaongea sana, na wewe hukuniuliza hata siku moja. Kama ningejua umebeba unachobeba ningekuambia tangu siku ya mazishi. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu nzima, mama naye alikuwa na yake kichwani. Lakini alivyosema alikuwa anatabasamu, na hakuwa amekununia. Kama alikosea kukuchagulia, mkasirikie kwa hilo, maana unayo haki. Usimkasirikie kwa kutokukuamini.

Kuna jingine. Niliapa juu ya vile alivyonifundisha mama. Hiki kipya mama hakukijua. Nimekitafuta mimi kwa kemia yangu na mashine yenu kwa upofu wake, na wewe kwa kukaa juu ya mikono yako. Hakimo ndani ya kiapo. Kwa hiyo ni changu kukitoa, na nataka kukitoa kwako. Sitakiandika hapa, si kwa kuogopa macho. Kipimo chake kinajulikana kwa harufu na kwa uzito wa mwiko, na hilo siwezi kulifunga kwenye barua. Njoo likizo. Nitakushika mkono nikuonyeshe.

Ya mama yatabaki ya mama. Nitakuwa nayaingiza mimi. Najua haitoshi, lakini ndicho nilicho nacho cha kukupa.

Wifi yako wa sufuria


23 Mei

Wifi yangu,

Nimeisoma kazini, kando ya pampu. Mwenzangu aliniletea kiti. Nilikuwa sijui kama nimesimama.

"Namjua." Alikuwa ananijua kweli, wifi. Ningeacha. Ningerudi wiki ile ile, na ningekuwa na furaha, na hata leo sijui kama nimshukuru au nigombane naye. Nadhani nitafanya yote mawili. Lakini kwanza nimelia, na nimelia vizuri.

Nimeomba likizo na nimepewa. Nakuja mwezi ujao, na kofia nakuja nayo.

Umeandika haitoshi. Inatosha. Siku hiyo utakapowasha moto, mimi nitakaa nje ya banda na watoto. Ingiza ya mama yote, polepole, bila haraka, na mlango ufunge. Wala usiwe na wasiwasi nami, sitachungulia na sitagusa. Ukimaliza, niite.

Wifi yako